Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya jengo la zamani la gazeti, Tanga

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya jengo la zamani la gazeti na kiwanda cha chapa,
Tanga Mjini.

Waheshimiwa,

YAH: MPANGO WA KUKATA FREMU ZA MADUKA NA KUBOMOA UKUMBI WA MITAMBO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunawasalimu kwa heshima zote. Tunaandika hadharani kwa sababu njia ya kawaida imetushinda. Barua zetu zilipokelewa masjala, zikagongwa muhuri, na tangu hapo kila tukifuatilia tunaambiwa faili liko kwa mkubwa. Faili likiwa huko kwa mkubwa, mafundi wamekuja kupima, wamechora alama nyekundu za fremu kwenye ukuta wa mbele, na gari la wanunuzi wa vyuma chakavu limeonekana uani. Jina la ofisi hatulitaji humu, wala la mwekezaji. Wenyewe mnajijua, na tunalolipigania ni jengo.

Sisi ni wachapaji, waashi, mafundi umeme na watunza nyaraka wa mji huu. Tunaomba mtusikilize kama mafundi.

Kwanza, kwa nini jengo la gazeti, na kwa nini Tanga. Mji huu ni miongoni mwa mahali ambapo gazeti la Kiswahili lilianzia huku bara. Kiongozi lilianza kutoka hapa mwaka 1904, likichapwa kwenye mtambo wa shule ya serikali ya Kijerumani, na likaendelea hadi 1916 katikati ya vita. Vijana wa shule ile walifundishwa kupanga herufi na kujalidi vitabu, kama wenzao walivyofundishwa useremala. Walimu na makarani waliotawanyika wilayani wakawa wanaleta habari na mashairi. Magila, jirani na Muheza, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa na Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890. Walowezi nao walikuwa na lao la Kijerumani, Usambara-Post, lililochapwa hapa hapa Tanga. Yote hayo yalikuwa kwenye kipande cha nchi ambacho reli ilikiunganisha mwaka 1896 ilipofika Muheza.

Hatudai kwamba jengo hili ndilo lililochapa Kiongozi. Kiongozi lilichapwa shuleni, na jengo letu ni la baadaye. Thamani yake iko kwenye mpangilio wake, ambao haujaguswa: chumba cha mhariri mbele, chumba cha kupangia herufi katikati, ukumbi wa mitambo nyuma, ofisi juu. Habari iliingia mlango wa barabarani, gazeti likatoka mlango wa uani likiwa limefungwa mafungu. Mtu asiyejua lolote kuhusu chapa akipita vyumba hivyo kwa zamu anaielewa kazi nzima bila kusomewa. Ukibomoa ukumbi wa mitambo, kinachobaki mbele ni nyumba ya zamani tu, na nyumba za zamani Tanga tunazo.

Haya ndiyo yanayotutia wasiwasi.

1. Ukuta mnaotaka kuukata ndio unaobeba

Mchoro tulioonyeshwa una fremu sita, kila moja yenye mlango wa mita 2.4. Ukuta wa mbele una urefu wa mita 20 na unene wa sentimita 60, mawe ya matumbawe kwa chokaa, bila nondo na bila linta ya zege. Ukuta wa namna hii unasimama kwa uzito wake. Mzigo wa ghorofa na paa unashuka kupitia vipande vilivyo kati ya dirisha na dirisha. Pigeni hesabu: matundu sita ya mita 2.4 ni mita 14.4. Zinabaki mita 5.6 za ukuta, zimegawanyika vipande saba, wastani wa sentimita 80 kila kimoja. Vipande hivyo ndivyo mnavyotaka vibebe ghorofa.

Tumeambiwa zitaingizwa nguzo za zege. Zege husinyaa na kushuka kivyake, matumbawe na chokaa kivyake, na ufa hufuata maungio. Ufa mwingine tayari upo, kwenye kona ya kusini mashariki, kuanzia chini ya kenchi hadi kwenye dirisha la juu. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua. Huu wetu una upana wa kidole na bado unaendelea. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib kule Unguja, jengo la mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wakapoteza maisha. Jengo lenye uzito kama huo haliguswi kwa mchoro wa karatasi moja usio na saini ya mhandisi.

2. Simenti

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha za ukarabati uliopita zilipopotea na ndipo za ujao zitakapopotea.

Ukuta wa upande wa bahari ulipigwa lipu ya simenti, kisha rangi ya mafuta. Ugongeni kwa kifundo cha kidole kuanzia chini hadi usawa wa kifua: unaitika utupu. Lipu imeachana na ukuta na inasubiri siku ya kuanguka. Sababu yake haina fumbo. Matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini, na maji ya mji huu yana chumvi. Ukuta ukiwa na lipu ya chokaa, maji hutoka nje yakiwa mvuke na chumvi hubaki juu ya lipu, ambapo unaipangusa kwa brashi. Ukiuziba kwa simenti, maji hayana pa kutokea. Ni sawa na kumvisha mtu koti la mvua juani: jasho linabaki ndani. Maji hupanda juu zaidi kutafuta njia, na chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, inaganda, inatanuka na kuisukuma lipu nje pamoja na uso wa jiwe. Ndiyo maana kila mkipiga lipu upya, alama ya unyevu inakuwa juu kuliko mwaka uliopita.

La kushangaza ni kwamba chokaa inachomwa Kiomoni, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Hakuna mji pwani hii wenye udhuru mdogo kuliko Tanga wa kupiga simenti kwenye ukuta wa matumbawe.

Kazi inavyotakiwa ni hivi. Lipu ya simenti itolewe kwa tindo na nyundo ya mkono, kuanzia juu kushuka chini. Mashine ya kuvunjia isiguse ukuta huo, maana mtikisiko unalegeza chokaa ya ndani. Kisha ukuta uachwe wazi ukauke. Kanuni ya mafundi ni takriban inchi moja ya unene kwa mwezi. Ukuta wa inchi 24 unaokaukia pande zote mbili unataka karibu mwaka mzima. Tunajua hakuna kiongozi anayependa kusikia habari ya mwaka. Lakini lipu ikipigwa juu ya ukuta mbichi mtairudia.

Chokaa ya moto izimwe kwa maji shimoni, ichujwe na ilale chini ya maji miezi mitatu au zaidi hadi iwe laini kama siagi. Ikibidi kutumia chokaa ya unga ya mifuko, iwe mpya, na ilowekwe angalau saa 24 kabla ya kuchanganywa. Kipimo ni ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Mchanga uwe mkali na uliooshwa, wa mtoni. Mchanga wa ufukweni unarudisha ukutani chumvi ile ile mliyoitoa. Ukuta unyunyiziwe maji kwanza. Lipu ipigwe kwa matabaka yasiyozidi milimita 10, na tabaka la pili lisubiri la kwanza lishike. Baada ya hapo yatundikwe magunia mabichi kwa wiki moja, kwa sababu jua la Tanga likiikausha lipu ya chokaa siku ya kwanza inabaki unga. Hapa ndipo wakandarasi wengi hushindwa, kisha husema chokaa haina nguvu. Mwisho ni kupaka chokaa nyembamba, mikono minne au mitano. Rangi ya mafuta na ya plastiki zisikaribie.

3. Paa, gata na uwanja wa nje

Paa ni la mabati, lina karibu mita za mraba 300. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50, ambayo masika huimwaga bila kutushtua, ni lita 15,000 kutoka paa hili pekee. Kwa sasa maji yote hayo yanashukia bomba moja la inchi 3, lililoziba kwa majani ya mwarobaini. Yanafurika nyuma ya ubao wa ukingoni na kuingia kwenye kichwa cha ukuta, sawasawa na pale ulipo ule ufa. Bomba la inchi 4 kwa kila mita za mraba 70 hadi 80 ni kipimo salama. Yanahitajika manne, na gata ya kuyafikisha.

Mabati yenyewe yabadilishwe kwa ya geji 28. Ya geji 32 ni nafuu dukani, ila upepo wa bahari utayatoboa mapema, na fundi akiyakanyaga yanabonyea na kufanya vidimbwi. Kenchi nyingi ni nzima. Tumezichoma kwa bisibisi zile tulizofikia, na zilizooza ni ncha za upande wa bahari tu, pale mbao zinapoingia ukutani. Ncha hukatwa na kuungwa mbao mpya. Hakuna haja ya kushusha paa zima.

Uwanja wa nje nao umepanda. Kila barabara ilipokarabatiwa kifusi kimeongezwa, na leo ardhi iko juu kuliko sakafu ya ndani. Ishushwe hadi sentimita 15 chini ya sakafu, na iwe na mteremko wa kuyapeleka maji mbali na ukuta.

4. Herufi na mitambo

Vyuma chakavu, waheshimiwa, hununuliwa kwa kilo, na ndani ya jengo kuna kilo nyingi zinazong'aa machoni mwa mnunuzi. Madini ya herufi za Linotype, mtambo unaoyeyusha madini na kutoa mistari ya herufi, ni takriban asilimia 84 risasi, 12 antimoni na 4 bati, na huyeyuka kwa joto lisilofika nyuzi 260. Sufuria na mkaa vinatosha kugeuza chumba kizima cha herufi kuwa vipande vya kuuza kabla ya magharibi, na moshi wake kuwa sumu kwa nyumba za jirani.

Kinachoyeyushwa hapo ni nini? Fungueni mtoto wa meza wowote kwenye chumba cha kupangia. Kesi ya herufi, yaani droo yenye visanduku vya kuwekea herufi, inayotoka Uingereza imegawanywa kwa mahitaji ya Kiingereza: kisanduku kikubwa kuliko vyote, katikati, ni cha e, kwa sababu Kiingereza hutumia e kuliko herufi nyingine. Kiswahili hula a. Seti iliyonunuliwa kwa hesabu ya Kiingereza huishiwa a kabla ukurasa haujajaa, kisha k na w zinafuata, wakati e na t zimelala. Kwenye kesi hizi a zimejazwa pale pakubwa palipokuwa pa e, na visanduku vya k vimepanuliwa kwa kung'oa kigawanyo. Kigawanyo kimeacha alama ya gundi. Unaiona ukiielekeza kesi kwenye mwanga wa dirisha. Jambo hilo halikuandikwa kitabuni. Ni wapanga herufi wa Kiswahili waliolifanya kwa mikono yao ili gazeti litoke kesho yake. Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kesi hiyo ni mbao za kuwashia moto.

Kuna jambo jingine ambalo mtaalamu wa tathmini kutoka nje anaweza asilijue. Herufi za mfumo wa Kiingereza zina kimo cha takriban milimita 23.32, na za mfumo wa Kijerumani na Kifaransa milimita 23.57. Tofauti ni robo ya milimita, na inatosha kuharibu kazi: zilizo ndefu hutoboa karatasi, zilizo fupi hazipati wino. Katika mji uliopita mikono ya Wajerumani kisha Waingereza, zote mbili hukutwa stoo moja. Kwa hiyo herufi zisikusanywe kwenye ndoo kwa ajili ya usafi. Zikichanganywa mara moja, kuzitenganisha ni kupima moja moja kwa mikromita.

Mashine ndogo ya kuchapia ya Heidelberg iliyo karibu na mlango wa uani ina uzito wa takriban tani moja. Inazunguka kwa mkono. Rola zimeyeyuka, kama rola za mpira na jelatini zinavyoyeyuka kwenye joto la pwani zikiachwa zimegusana na chuma, lakini fremu, gia na vishikio viko kamili. Kinachohitajika ni rola mpya, mikanda, mota na fundi wa kusafisha mafuta yaliyoganda. Ikikatwa kwa gesi ili ipite mlangoni, hairudi tena.

Tuseme na ubaya wake, maana hatutaki kuwauzia hadithi nusu. Sakafu ya chumba cha herufi na ya kona ya kuyeyushia ina vumbi la risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto ndiye huathirika zaidi. Tulisikia wazo la kuweka chekechea au mgahawa kwenye vyumba hivyo. Msifanye hivyo. Na kabla ya mtu yeyote kufanya kazi humo, chumba kisifagiliwe kwa ufagio mkavu. Vumbi litolewe kwa vitambaa vibichi na kwa mashine ya kunyonya yenye chujio la HEPA linalonasa vumbi dogo sana, mabaki yafungwe kwenye mapipa yenye vifuniko, wafanyakazi wavae barakoa zenye chujio na wasile humo ndani.

5. Magazeti yenyewe

Majalada ya magazeti yamewekwa chumba cha juu, yamepangwa sakafuni, yamegusa ukuta. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa massa ya mbao yenye asidi; hata ikitunzwa vizuri hugeuka njano na kukatika. Ikiwekwa kwenye unyevu wa asilimia 80 hupata ukungu, na mchwa humaliza kilichobaki. Hatua za kwanza hazina gharama ya kutisha: rafu za chuma, rafu ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu, nafasi kama hiyo kati ya rafu na ukuta, madirisha yenye kivuli, feni za kusukuma hewa, kila jalada ndani ya boksi lisilo na asidi. Selotepu na laminesheni zipigwe marufuku.

Kunakili kidijitali kufanywe kwa kamera iliyofungwa juu ya meza, si kwa skana ya kufunika inayovunja mgongo wa jalada. Nukta 300 hadi 400 kwa inchi, faili za TIFF, nakala zihifadhiwe sehemu mbili tofauti. Rafu zenyewe zishuke chini. Sakafu ya ofisi huhesabiwa kubeba takriban kilo 250 kwa mita ya mraba. Rafu za majalada zilizosongamana hufika 700 na kupita. Ukumbi wa mitambo, ambao sakafu yake ilitengenezwa kubeba mashine za tani, ndio mahali pake. Mnaona wenyewe: ukumbi mnaotaka kuubomoa ndio pekee unaoweza kubeba kumbukumbu za jengo.

6. Umeme

Nyaya za zamani zilizofunikwa kwa mpira zimekauka na kupasuka, na juu yake zimeungwa nyaya mpya kwa utepe. Zikatwe zote kwenye nguzo leo, kabla ya mjadala wowote.

7. Sheria

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Jengo la baadaye linalindwa likishatangazwa na Waziri. Hapo ndipo mwanya ulipo: karibu kila jengo la enzi ya Wajerumani na Waingereza Tanga liko nje ya ulinzi hadi mtu aombe litangazwe. Tumeomba mwombe, na hatujajibiwa. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007 inataka kibali kabla ya kubadili matumizi; hatujaonyeshwa. Na kama majalada na vitabu vya ofisi vilivyo humo ni kumbukumbu za umma, Sheria Na. 3 ya 2002 ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka hairuhusu viharibiwe kwa uamuzi wa mkuu wa stoo.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema hakuna fungu. Lipo lililotumika kwenye lipu ya simenti, na litatafutwa jingine kwa fremu. Kazi zinazookoa jengo ni gata, mabomba, kuziba paa, kushusha udongo na kukata umeme, na hizo ni sehemu ndogo ya gharama ya kuvunja na kujenga. Lipu inaweza kungoja mwaka. Tumeeleza kwamba inapaswa kungoja.

Mtasema jengo limechoka. Limechoka pale maji yanapoingia. Pale yasipoingia, chokaa ya ndani ni ngumu kiasi kwamba tindo inaruka.

Mtasema ni mabaki ya ukoloni. Kiongozi lilikuwa la serikali na lilisema ya serikali, tusidanganyane. Lakini kalamu zilizozoea gazeti hazikubaki pale zilipowekwa. Ni makarani wa mji huu, Martin Kayamba akiwa mbele, walioanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Tanganyika hapa Tanga mwaka 1922. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani aliyezaliwa 1909, mashairi yake yalisomwa nchi nzima kupitia Mambo Leo, nalo lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni. Boma ya Wajerumani hapa hapa Tanga imekuwa makumbusho na hakuna aliyegeuka Mjerumani.

Mtasema jengo la gazeti halina kazi nyingine. Jumba la Chicago Tribune, lililokamilika 1925, gazeti lilihama 2018 na limefanywa makazi. La Philadelphia Inquirer, la 1924, sasa ni makao makuu ya polisi wa jiji hilo. Mfano wa Chicago hautufai: ni nyumba za wenye nazo, na raia wa kawaida anaishia kutazama nje. Ulio karibu nasi zaidi ni Boma ya Kale ya Dar es Salaam, iliyojengwa zama za Sultani Majid, ambayo ilikarabatiwa na tangu 2017 ina kituo cha urithi wa usanifu majengo.

Mtasema mwekezaji ameshapatikana. Vizuri. Apewe vyumba vya mbele vinne vya chini jinsi vilivyo, kwa milango iliyopo, na ofisi za juu. Wapo mawakili, mawakala wa forodha na wauza vifaa vya shule wanaotafuta nafasi karibu na bandari. Tunaomba tu mkataba wake useme wazi mambo matatu: hatoboi ukuta unaobeba, maji ya viyoyozi vyake hayachuruziki ukutani, na sehemu ya kodi, tunapendekeza asilimia 30, inaingia kwenye akaunti ya matengenezo ya jengo hili pekee.

Tunachoomba

(a) Alama za fremu zifutwe na ubomoaji wa ukumbi wa mitambo usimamishwe kwa maandishi.

(b) Hakuna chuma, herufi wala kesi itakayotoka nje ya geti hadi orodha kamili yenye picha na vipimo ikamilike. Kazi hiyo tutaifanya bila malipo. Tunahitaji funguo, taa za betri na mlinzi asiye ndugu wa mnunuzi wa vyuma chakavu.

(c) Paa lizibwe na gata zifungwe kabla ya mwisho wa Februari, masika yasitukute. Lipu na rangi zisianze.

(d) Mhandisi wa miundo mwenye uzoefu wa kuta za matumbawe akague ule ufa, afunge vipimio vya kioo pande zake mbili na kuvisoma kila mwezi.

(e) Ombi la kulitangaza jengo kuwa la kumbukumbu lipelekwe Wizarani, nasi tupewe nakala.

(f) Ukumbi wa mitambo upangwe hivi: theluthi moja rafu za magazeti na meza za kusomea, theluthi moja karakana ya chapa inayofanya kazi, inayochapa kadi, vyeti na vijitabu kwa malipo na kufundisha vijana, theluthi iliyobaki iwe wazi kwa maonyesho na mikutano. Mashine zibaki pale pale zilipofungwa.

(g) Tupatiwe nakala ya mchoro, mkataba wa pango na tathmini ya jengo. Tumeomba chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016, inayowapa siku 30 za kujibu, na ombi la maandishi limeambatishwa na barua hii.

Tuko tayari kukutana nanyi ndani ya jengo lenyewe, si ofisini. Njooni na ngazi, bisibisi na ndoo ya maji. Tutawaonyesha kila tulilolisema kwa mpangilio huu huu wa namba. Asubuhi ni bora, maana jua la mchana linaficha unyevu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wachapaji, waashi, mafundi umeme na watunza nyaraka,
Tanga Mjini.

Nakala: Wakazi wa mitaa inayolizunguka jengo.